Motere imefanywa upya, presio ya mafuta iko chini

Ndugu shofere, kamiyo imetoka garaji na sindano ya presio inashuka? Simama mahali pa usalama, uzime motere. Usiseme "itazoea". Mafuta yakikosa, kusinete zinashika vilebrekini. Motere ikikwama kwenye mteremko na mzigo juu, usukani unakuwa mzito sana.

Fundi, anza na jauge. Mafuta yamepanda na yananuka mazuti? Mazuti imeingia ndani, imeyafanya mepesi. Kama sivyo, funga manometre ya garaji, uwashe kidogo tu: ile ya mbele ya shofere mara nyingi inadanganya.

Presio ni nzuri asubuhi, inashuka motere ikipata moto? Pima nafasi ya kusinete, tena pompe. Iko chini tangu siku ya kwanza? Tafuta klapeti iliyokwama kwa uchafu, bomba la kufyonza linalovuta hewa, ao kizibo cha njia ya mafuta kilichosahauliwa mezani (hiki kinatokea kuliko watu wanavyokubali).

Kutia mafuta mazito kunapandisha sindano, lakini nafasi ya kusinete inabaki ileile. Na kabla ya kufungua karteri, acha motere ipoe: mafuta ya moto yanachoma ngozi.