Kigogota anayegonga mti wako: mfahamu kabla hujamrushia jiwe

Wakulima wenzangu, hasa mlio pembezoni mwa misitu ya Usambara, swali hili naulizwa sana: "Bwana shamba, huyu ndege anayetoboa mgrevilea wangu si ataukausha?" Leo tumalize ubishi.

Kwanza tumtambue. Kigogota wa misitu ya milimani ana ukubwa wa kama sentimita 20. Kichwa chake ni cha kijivu, mgongo una rangi ya zeituni, na juu ya mkia kuna wekundu unaoonekana vizuri akiruka. Dume ana utosi mwekundu, jike hana. Kifua hakina michirizi. Ukiona kigogota mdogo mwenye michirizi kifuani, huyo ni wa aina nyingine.

Sasa angalia anavyofanya kazi. Vidole viwili viko mbele na viwili nyuma, mkia mgumu unamwegemeza kwenye gome. Anagonga, anabandua gome, kisha anaingiza ulimi mrefu kuvuta funza wa mbawakawa na wadudu wengine. Anapenda matawi makavu na yaliyooza. Kwa kiota, dume na jike huchimba pamoja tundu kwenye mti uliokufa. Wakilihama, ndege wengine wasioweza kuchimba hulitumia.

Kwa hiyo akigonga mti wako, chukulia kama taarifa. Fanya hivi:

1. Kwangua gome kidogo kwa kisu. Kama ndani ni kijani na kubichi, sehemu hiyo iko hai.
2. Tafuta matundu madogo ya wadudu na unga wa mbao chini ya shina. Ukiviona, wadudu walishaingia kabla ya ndege.
3. Tawi lililoshambuliwa likate, uliondoe shambani. Usikimbilie kupuliza dawa kabla hujajua ni mdudu gani.
4. Mti mkavu ulioinamia nyumba au njia, ukate. Ulio mbali na watu, uache usimame.

Hilo la nne ndilo tunalipuuza. Tukimaliza kila mti mkavu kwa kuni, kigogota hana pa kulala wala kuzalia, naye ataondoka. Funza watabaki, na kuwasaka ndani ya mbao itakuwa kazi yako wewe na mfuko wako.

Watoto wenye manati waelezeni pia. Tukutane shambani.