Saa janja mkononi: dondoo muhimu

Hatua 10,000 kwa siku si agizo la daktari. Idadi hiyo ilienea kutokana na kipima hatua kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 1965, na biashara ilikuwa na mkono wake hapo. Utafiti wa I-Min Lee na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 2019, uliwafuatilia wanawake wazee: waliotembea hatua 4,400 hivi kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea 2,700, na baada ya 7,500 nafuu haikuongezeka. Bibi anayekwenda gengeni na kurudi kwa miguu huenda hajambo kuliko saa inavyomwambia.

Mkanda ubane kiasi, juu kidogo ya kifundo cha mkono. Taa ya kijani chini ya saa humulika ngozi na kusoma mwanga unaorudi kadiri damu inavyopita. Saa ikilegea, mapigo ya moyo husomwa ovyo. Jasho na sabuni vikikaa hapo huleta vipele, hivyo ioshwe na kukaushwa.

Mwenye kisukari awe macho zaidi. Februari 2024, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Kupanga dozi ya insulini kwa saa kama hiyo ni kucheza na uhai. Kitambuzi kinachobandikwa mwilini na kutuma vipimo kwenye saa ni kitu kingine: kina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi.