Mgeni Katika Nchi Inayomtukuza Ng'ombe

Jamaa wengi wa Oman na nchi nyingine za Ghuba husafiri kwenda India kwa matibabu. Wengine hufikia Mumbai, wengine Chennai, Hyderabad au Kerala. Mgonjwa hulazwa, na watu wake hukaa hapo wiki kadhaa, pengine miezi, pamoja na watoto wao. Ndipo wanapokutana na jambo ambalo nyumbani halipo: ng'ombe anayepita njiani na shada la maua shingoni, na wapita njia wakimgusa kisha wakigusa mapaji ya nyuso zao.

Aghalabu mtoto ndiye wa kwanza kusema. Yeye amekwisha kusomeshwa chuoni kisa cha Samiri na ndama wa dhahabu, kwa hivyo amwonapo ng'ombe huyo hucheka, humnyooshea kidole, na pengine hupaza sauti kuwa watu hawa wanaabudu ndama. Mzazi asimkaripie kana kwamba amekosea katika Tawhid, kwani itikadi yake ni sahihi. Kosa liko katika namna na mahali. Nabii Musa (A.S.) alimchoma ndama yule mbele ya kaumu yake mwenyewe, waliokwisha kumkiri Mola wao kisha wakarudi nyuma, naye ni Mtume mwenye amri juu yao. Aliyeingia nchi ya watu kwa viza ya matibabu hana cheo hicho.

Katika Suratil An'am, aya ya 108, waumini wamekatazwa kuvitukana vile wanavyoviomba wengine badala ya Mwenyezi Mungu, kwa kuchelea kuwa nao watamtukana Mwenyezi Mungu kwa uadui na ujinga. Maulamaa wametoa katika aya hii kanuni kubwa: jambo linaloelekea kuleta ufisadi mkubwa zaidi huzuiliwa, hata kama msingi wake ni kukanusha batili. Na kutukana si kwa ulimi tu. Kumtupia jiwe ng'ombe wa watu, kumpiga teke ili apishe njia, au kumpiga picha kwa kejeli, yote hayo wenyeji huyafahamu kuwa ni tusi. Licha ya hayo, kumwonea mnyama ni haramu popote pale.

Hata hivyo heshima hii ina mpaka wake, na hapa ndipo wengi huteleza kwa upande wa pili. Muislamu humpisha ng'ombe njia. Hamwinamii, hamvishi maua, hashiki taa ya ibada, wala hapaki rangi kwenye paji la uso ili kuwaridhisha wenyeji. Huko Tamil Nadu, katikati ya Januari, ipo siku ya sherehe ya Pongal ambayo pembe za ng'ombe hupakwa rangi na wanyama hao hupambwa. Aliyetokea kupita njiani na akaona, hana lawama. Ama kwenda kushiriki, hilo ni jambo jingine. Akiletewa tamu iliyokwisha kutolewa mbele ya sanamu, aweke mkono kifuani na aseme kwa upole kuwa dini yake haimruhusu. Asidai kuwa amefunga ilhali hakufunga, kwa sababu uwongo hauwi adabu.

Ama nyama, ng'ombe ni halali kwa nassi ya Qur'ani, na hapana desturi ya watu inayoweza kuigeuza hukumu hiyo. Lakini kula nyama yake ni mubaha, si wajibu, na anayeacha mubaha kwa sababu ya haki hajaiharamisha. Mtume (S.A.W.) aliletewa nyama ya kenge wa jangwani, yule Waarabu wamwitaye dhabb, asimle kwa kuwa hakumzoea katika nchi ya watu wake, na Khalid bin Walid akamla mbele yake bila ya kukatazwa.

Isitoshe, ipo sheria ya nchi. Katika jimbo la Maharashtra, ambalo Mumbai ni mji wake mkuu, kuchinja ng'ombe jike kumekatazwa kwa sheria ya mwaka 1976, na mwaka 2015 katazo hilo likaenezwa kwa fahali na maksai, na adhabu ya kuchinja inafika kifungo cha miaka mitano. Kerala mambo ni mbali kabisa, kwani huko nyama ya ng'ombe huliwa waziwazi. Mgeni basi aulize kwanza, asipime jimbo moja kwa jingine. Anayeingia kwa viza amekubali sharti za wenyeji, na kutimiza ahadi ni katika dini.

Tena madhara hayamwangukii mgeni peke yake. Mwezi wa Septemba 2015, katika kijiji kilicho karibu na Dadri, jimbo la Uttar Pradesh, Muislamu mmoja aliuawa na umati wa watu kwa uvumi tu kuwa nyumbani mwake mna nyama ya ng'ombe. Mgeni wa Maskati ana tiketi ya kurudi. Muislamu wa mtaa ule aliokuwa akitembea na kuchekacheka hanayo, na hasira aliyoiwasha mgeni humkuta yeye asubuhi ya pili.

Watu wa Oman hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa uvumilivu. Msafiri Carsten Niebuhr alipofika Maskati mwaka 1765 aliwakuta Mabaniani wakiishi kwa kanuni zao, wakiweka sanamu zao majumbani na kuchoma maiti wao, na wenyeji Waibadhi hawakuwaingilia. Naye Al-Biruni, alipoandika kitabu chake juu ya India yapata mwaka 1030, alilieleza katazo la ng'ombe kwa insafu, akataja manufaa ya mnyama huyo katika kulima, kubeba na kukamwa. Akakumbusha kuwa Al-Hajjaj naye alipata kukataza kuchinjwa ng'ombe, watu walipomlalamikia kuwa ardhi ya Iraq inaharibika. Al-Hajjaj si jina linalopendeza kwa wafuasi wa Jabir bin Zayd, lakini hoja yenyewe ni ya kilimo.

Jamaa wanaopanga nyumba karibu na hospitali wasome mkataba vizuri. Mumbai yapo majengo ambayo wenyewe hawataki nyama yoyote ipikwe ndani, hata ya kuku, na wengi wao ni Majaini. Aliyetia saini sharti hilo limfunge. Asipike kwa siri madirisha yakiwa yamefungwa. Asiyeliweza atafute nyumba katika mitaa ya Waislamu, kama Mohammed Ali Road, ambako vyakula vya halali vimejaa. Na ikiwa Idi Kubwa itawakuta huko, udhia wa mbuzi au kondoo unatosheleza, achinjwe mahali palipoidhinishwa na si uani kwa watu. Au mkuu wa familia amwakilishe ndugu yake amchinjie Oman, na nyama igawiwe huko.