Dondoo muhimu: Mbwa akikuuma, usingoje dalili
Mtu mzima aliyeumwa na mbwa, awe Piana-Mwanga au Kalemie mjini, hujiambia kuwa kidonda ni kidogo, kitapona. Kitapona kweli, na hatari imejificha hapo: kirusi cha kichaa cha mbwa husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu, mara nyingi kwa miezi 2 hadi 3, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayeokoka. Chanjo hufanya kazi ndani ya miezi hiyo ya kimya. Basi osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi, dakika 15 nzima, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Jeraha lililotoa damu huhitaji pia sindano ya kingamwili.

Wapo wanaosema mbwa ni wa jirani na anaonekana mzima. Mchunguzeni siku 10, ni vyema, lakini dozi ya kwanza ya chanjo isingoje; akibaki mzima, daktari anaweza kusimamisha zilizobaki. Wengine huona wiki zimepita, wamechelewa. Hapana: maadamu dalili hazijaanza, chanjo bado inafaa, hata kwa mjamzito. Ila usiishie dozi moja, na sindano ya chanjo idungwe begani, si matakoni, ambako kinga hujengeka hafifu.