Kufundisha Herufi ya Nakshi kwa Mtindo wa Skandinavia ya Kale

Mara nyingi somo la sanaa huwa ni kunakili picha ya ubaoni. Mtoto mwenye mkono mwepesi husifiwa, na wenzake huamini kwamba hawakujaliwa kuchora. Katika makala haya tunapendekeza somo ambalo mwanafunzi huongozwa na kanuni anayoweza kuihakiki mwenyewe.

Asili ya nakshi
Katika kanisa la mbao la Urnes, nchini Norwe, zimehifadhiwa nakshi zilizochongwa katika karne ya 11: wanyama wembamba, wenye macho ya umbo la lozi, waliosukwa pamoja na nyoka mfano wa tepe. Huko Iceland, padri Magnús Þórhallsson alizirembesha kwa rangi herufi za kwanza za Flateyjarbók, kitabu cha ngozi ya ndama kilichoandikwa kati ya mwaka 1387 na 1394. Sisi tutaunganisha nakshi ya mbao na herufi ya kitabuni.

Kanuni
Utepe ukipita juu mahali pamoja, mahali panapofuata hupita chini. Mtoto aliyekwisha kusuka ukili ataitambua kanuni hii. Mwalimu aanzie hapo.

Vifaa
Karatasi, penseli, kifutio, wino na rangi.

Hatua
1. Wanafunzi wachore S kubwa kwa mistari miwili sambamba. Huo ni mwili wa mnyama: ncha ya juu iwe kichwa, ya chini iwe mkia.
2. Katikati ya herufi wachore pete ndefu, nyembamba, iliyosimama wima, kwa mistari miwili pia. Pete itokeze juu na chini ya herufi. Hivyo itakutana na mwili mahali sita.
3. Waifuate pete kwa kidole, wakisema “juu, chini” kila inapokutana na mwili, na kutia alama.
4. Kila mahali wafute mistari ya utepe uliopita chini. Kisha wapitishe wino, na ukikauka watie rangi.

Tathmini
Mwalimu asipime unyofu wa mistari. Mwanafunzi aufuate mwili wa mnyama toka kichwani hadi mkiani: nao pia utapita juu na chini kwa zamu. Akikuta “juu” mara mbili mfululizo, ataligundua kosa na kulisahihisha bila kungoja kalamu nyekundu.

Katika kipindi kinachofuata, kila mmoja arembe herufi ya kwanza ya jina lake. Mwalimu naye asiingie darasani kabla ya kuichora S hiyo kwa mkono wake.