SOMO LA 12: MOSHI WA PAMPU UNASEMA NINI?

Mwaka 1968 ulianza mradi wa kisomo katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Makao yake yalikuwa Mwanza. Watu wazima walijifunza kusoma pamoja na kazi zao, kama kilimo cha pamba, uvuvi na ufugaji. Siku hizi, katika vijiji vingi vya Shinyanga na Geita, kuna kazi nyingine ya kujifunza. Ni kazi ya kutunza pampu ndogo ya petroli.

Pampu hii hunywesha bustani za mboga. Hupeleka maji mwaloni, mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu. Hutoa maji katika maduara ya wachimbaji wadogo, kama wale wa Nyarugusu, Rwamagasa na Mwakitolyo. Huko ng'ambo, injini ya namna hii hufungwa pia kwenye vigari vidogo vya mashindano. Kwetu sisi ni injini ya kutafutia riziki. Ikigoma, kazi inasimama.

A. KIKUNDI CHAKWAMA

Tuchukue mfano wa kikundi kimoja cha wachimbaji. Wana duara moja na pampu moja. Mvua imejaza maji katika duara. Asubuhi pampu inawaka, lakini inatoa moshi mweusi. Mlio wake ni mzito. Halafu inazimika. Wanavuta kamba ya kuwashia mpaka mikono inauma.

Kijana mmoja anasema, "Kabureta imekufa. Tununue nyingine."

Mama mtunza fedha anafungua daftari lake. "Fedha iliyobaki ni ya chakula cha wiki hii," anasema. "Kwanza tumwite mzee fundi."

Mzee fundi anafika na baiskeli yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mmekagua nini mpaka sasa?"

"Tumevuta kamba tu, mzee."

Fundi anacheka. "Mashine imewaandikia barua, nanyi hamkuisoma. Moshi ndio barua yenyewe."

B. INJINI HULA NINI?

Injini ya petroli huhitaji vitu vitatu. Huhitaji petroli, hewa na cheche ya moto. Cheche hutoka kwenye plagi. Petroli na hewa huchanganywa na kabureta.

Kabureta ni kama mpishi wa ugali. Unga ukizidi, ugali huwa mgumu. Maji yakizidi, huwa uji. Kila kitu kina kipimo chake. Kilo 1 ya petroli huhitaji kilo 15 hivi za hewa ili iungue vizuri. Kwa hiyo injini hula hewa nyingi sana. Njia ya hewa ikiziba, chakula chake huharibika.

C. RANGI ZA MOSHI

Moshi mweusi. Maana yake petroli imezidi au hewa imepungua. Angalia kwanza choki. Huenda mmesahau kuifungua baada ya injini kupata moto. Kisha angalia chujio la hewa. Huenda limejaa vumbi. Mwisho angalia kabureta. Huenda inapitisha petroli bila kipimo.

Moshi wa bluu. Maana yake injini inaunguza oili. Huenda mmejaza oili kupita alama. Huenda mmeilaza pampu mlipoibeba, na oili ikaingia mahali pasipo pake. Makosa haya hurekebishwa bila kununua kitu. Lakini kama oili ni ya kipimo na moshi wa bluu hauishi siku zote, basi ringi za pistoni zimelika. Hiyo ni kazi ya fundi.

Jihadhari hapa. Ziko injini zinazochanganyiwa oili ndani ya petroli, kama za misumeno mingi ya kukatia miti. Hizo hutoa moshi wa bluu kidogo hata zikiwa nzima. Pampu ya mfano wetu ina mahali pake pa oili, mbali na petroli.

Moshi mweupe. Ukitoka kidogo asubuhi ya baridi na kuisha upesi, ni mvuke tu. Ukiendelea, huenda petroli imeingia maji. Chota petroli kidogo kwenye chupa ya kioo, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini na utayaona.

Plagi nayo husomwa. Ikiwa kavu na nyeusi kwa masizi, petroli imezidi. Ikiwa na oili, injini inaunguza oili. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, injini inakula vizuri.

D. KUSAFISHA CHUJIO NA KABURETA

Fundi anafungua chujio la hewa la kikundi. Ni la sponji. Limejaa vumbi la mawe, kwa sababu pampu iliwekwa karibu na karasha la kusagia mawe. Wanalifua kwa maji na sabuni, wanalikausha, kisha wanalipaka oili kidogo na kulikamua. Lingekuwa la karatasi wasingelifua. Wangelipigapiga polepole vumbi litoke.

Wanawasha tena. Moshi umepungua, lakini haujaisha. Tena petroli inadondoka chini ya kabureta. Fundi anamwambia kijana, "Sasa fungua kabureta yako uliyosema imekufa." Wanafanya hivi:

1. Wanazima injini na kungoja ipoe. Hakuna anayevuta sigara. Moto wa chai unazimwa.

2. Wanafunga koki ya petroli chini ya tangi.

3. Wanafungua bakuli la kabureta na kumwaga petroli iliyomo katika kopo. Hawaimwagi mwaloni wala kisimani.

4. Wanaangalia boya na sindano. Petroli ikijaa bakuli, boya hupanda na sindano hufunga njia. Katika kabureta hii uchafu umeizuia sindano isifunge. Hiyo ndiyo sababu ya petroli kudondoka na moshi kuwa mweusi.

5. Wanafuta uchafu kwa kitambaa safi na petroli kidogo.

6. Wanatoa jeti, yaani kile kijiti cha shaba chenye tundu dogo. Wanapuliza tundu kwa pampu ya baiskeli. Hawapulizi kwa mdomo, maana petroli ni sumu. Hawachokoi kwa waya mgumu, maana tundu likipanuka, petroli itazidi siku zote.

7. Wanarudisha kila kitu mahali pake. Hawakazi kwa nguvu nyingi, kwa maana shaba ni laini.

Kabla ya kuwasha, fundi ananusa kijiti cha kupimia oili. Oili ina harufu ya petroli, na imepanda juu ya alama. Petroli iliyovuja imeingia humo. Oili ya namna hiyo ni nyepesi mno na huua injini. Wanaibadilisha. Injini yenye nguvu farasi 5 na nusu huchukua oili isiyofika lita 1.

Kijana anavuta kamba mara mbili. Pampu inawaka. Mlio ni mwepesi, na moshi mweusi umekwisha. Hawakununua kabureta. Wamenunua oili tu.

Fundi anaongeza neno. "Siku nyingine mtaona kinyume chake. Mlio utapanda na kushuka, au injini itakubali kuwaka choki ikiwa imefungwa tu. Hapo petroli imepungua. Mara nyingi tundu la jeti limeziba. Petroli ikikaa miezi ndani ya kabureta huacha utando kama gundi. Kwa hiyo mkiiweka pampu muda mrefu, imwageni petroli iliyomo."

E. MOSHI USIOONEKANA

Mchana maji yameshuka sana. Ghafla pampu inanguruma bila kutoa maji. Kijana anasema, "Maji yako mbali. Tuishushe pampu ndani ya duara. Sasa haina moshi."

Mzee fundi anazima injini. Hacheki tena.

"Mwanangu, sikiliza vizuri. Pampu ikiwa juu haiwezi kuvuta maji kutoka kina kinachozidi mita 7 au 8, hata injini iwe na nguvu gani. Ndiyo maana watu hushawishika kuishusha. Lakini katika moshi wa petroli mna gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Moshi mweusi huwa nayo nyingi zaidi, lakini hata injini isiyoonekana kutoa moshi huitoa. Ndani ya duara haina pa kwenda."

Mama mtunza fedha anauliza, "Mzee, mtu atajuaje kwamba inamwingia?"

"Kichwa huuma. Kizunguzungu hufuata, na kichefuchefu. Kisha miguu hulegea, na mtu hawezi tena kupanda ngazi. Gesi hii hushikana na damu zaidi ya mara 200 kuliko hewa ya uhai. Wakati mwingine mtu huanguka kabla hajajua lolote."

"Na tukishusha mshumaa kupima?" anauliza kijana.

"Mshumaa ukizimika, usishuke. Lakini ukiwaka, si ushahidi kwamba ni salama. Mshumaa hauioni gesi hii. Na mtu akianguka chini, msimfuate mbio. Anayefuata huanguka juu yake. Zimeni mashine, iteni msaada, mvuteni kwa kamba kama ameifunga kiunoni. Akitoka, mpelekeni kwenye hewa safi, kisha hospitali, hata kama anasema amepona."

Wanakikundi wanakaa chini na kujadiliana. Wanaamua mambo mawili. Kwa sasa watatoa maji yaliyobaki kwa ndoo, kamba na kapi. Wakipata fedha watakodi pampu ya umeme ya kuzamisha majini. Jenereta yake itabaki juu, mbali na mdomo wa duara, upande ambao upepo hupeleka moshi nje.

Kazi ya ndoo inawachukua siku tatu. Siku ya nne wanashuka wote, na jioni wanapanda wote. Mama anaandika katika daftari: "Pampu haishuki ndani ya duara." Kila mmoja anasoma na kutia sahihi yake.

MANENO YA KUKUMBUKA

Choki: kifuniko kinachopunguza hewa wakati wa kuwasha injini.
Jeti: kijiti chenye tundu dogo la kupimia petroli.
Boya: kitu chepesi kinachoelea ndani ya kabureta.
Kapi: gurudumu la kupitishia kamba ya kuvutia mzigo.

MASWALI

1. Moshi mweusi una maana gani? Utaangalia nini kwanza?
2. Kwa nini tundu la jeti lisichokolewe kwa waya mgumu?
3. Oili ikinuka petroli, utafanya nini?
4. Kwa nini pampu ya petroli isishushwe ndani ya duara, hata kama haionyeshi moshi?
5. Mtu akianguka ndani ya duara, ni jambo gani usilifanye?

KAZI YA KIKUNDI

Tembeleeni pampu moja kijijini kwenu. Angalieni rangi ya moshi wake na hali ya chujio lake. Andikeni mlichoona katika mistari mitano. Kisha andikeni amri moja ya usalama kwa herufi kubwa, muibandike mahali pampu inapowekwa.