Nikupige au Nikupigie? Sarufi ya Matembezi ya Kamera za Filamu Baraka

Kitenzi piga kina matumizi mengi kiasi kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huchoka kuyaorodhesha: piga simu, piga kura, piga pasi, piga magoti, piga picha. Katika yote hayo hakuna kipigo. Piga hubeba viambishi tu, na maana hutoka kwenye nomino inayofuata. Ondoa nomino hiyo, na kipigo kinarudi.

Hili nililisikia vizuri nikitembea Baraka na wenzangu wanaopenda kamera za filamu. Katika miji mikubwa ya dunia matembezi ya namna hii ni ya kawaida: watu hukutana, kila mmoja na kamera yake ya zamani, wakapita mitaani polepole, kwa sababu mkanda wa milimita 35 huwa na picha 36 tu. Sisi tulijieleza kwanza kwa shefu wa kartie, kisha tukatoka sokoni kuelekea ufukweni wanakoanika ndagala. Mwenzetu mmoja akasema kwa sauti, "Leo tutapiga soko." Akina mama wauza unga wakanyamaza. Fizi, mahali "pakipigwa" watu hubeba watoto na kukimbia. Sentensi ya aina hiyo imesikika hapa mara nyingi, na haikuhusu kamera. Tangu hapo tulikubaliana kutoiacha nomino: kupiga foto, au kupiga picha kwa anayependa hivyo.

Lakini kilichonishughulisha zaidi ni kiambishi kimoja kidogo. Linganisha:

(1) Mama, nikupige foto?
(2) Mama, nikupigie foto?

Katika (1), ku- inamtaja mtu atakayeonekana kwenye picha. Ni yambwa tendwa. Katika (2) imeongezwa -i- ya kauli ya kutendea, na ku- sasa ni yambwa tendewa: kazi inafanywa kwa ajili yake. Atakayeonekana anaweza kuwa yeye, mtoto wake, au mtumbwi wake. Najua kwamba katika mazungumzo ya kila siku watu huzichanganya, na "nipigie" husikika panapotosha "nipige". Sidai kwamba kila msemaji huzitenga. Nadai kwamba wasikilizaji wetu walizijibu tofauti. Kwa (1) tulijibiwa ndiyo au hapana, na mara nyingi hapana. Kwa (2) tulijibiwa kwa swali: "Utaileta lini?"

Swali hilo ni la haki, na kwa filamu ni zito. Mwenye simu humwonyesha mtu sura yake papo hapo. Mwenye filamu hana cha kuonyesha. Mkanda lazima umalizike, kisha usafishwe gizani, kwa dawa ya kwanza, ya pili, na maji mengi. (Neno kusafisha hapa ni zuri kuliko yote niliyosoma vitabuni: picha tayari ipo, unaiondolea kinachoificha.) Maelekezo mengi ya dawa za filamu nyeusi na nyeupe hutaja nyuzi 20 za Selsiasi. Maji ya ziwa letu huwa na joto zaidi, kwa hiyo ama unapunguza dakika, ama unayapoza kwenye mtungi usiku kucha. Kutoka "ndiyo" ya mama hadi karatasi mkononi mwake hupita majuma.

Wengi hawarudi. Mwaka 1965 Che Guevara alikaa miezi kadhaa katika milima hii ya Fizi, akijiita Tatu, kwa Kiswahili. Picha za kipindi hicho bado zinazunguka duniani. Katika nyingi nilizoziona, maelezo yanamtaja yeye kwa jina, na Wakongo waliosimama pembeni wanaitwa wapiganaji basi. Kisarufi, walipigwa picha. Sidhani kama walipigiwa.

Kundi letu liliamua hivi: katika kila mkanda wa 36, nusu ni za kupigia. Jina na mahali vinaandikwa daftarini kabla ya kubonyeza, na matembezi yanayofuata hayapigi kitu mpaka picha za awali zimefikishwa kwa miguu. Inapunguza starehe, nakiri, na wawili wameshaacha kuja.

Katika mgao wa kwanza bibi mmoja wa ufukweni alipokea picha yake, akaigeuza nyuma na mbele, akasema, "Sasa umenipigia." Neno "sasa" ndilo ninalolifuatilia. Kitufe kilibonyezwa majuma matatu nyuma. Kwake tendo la kupiga lilikwisha siku ile, lakini la kupigia lilikuwa bado. Je, -me- ya timilifu pamoja na kauli ya kutendea hungoja kitu kimfikie mtendewa? Jaribu na "amenipikia" kabla chakula hakijapakuliwa, au "amenishonea" nguo ikiwa bado kwa fundi. Majibu niliyopata Baraka yanagawanyika. Ningependa kusikia ya Uvira na Kalemie.